Dungusi la Kwenye Susu

Susu lililotundikwa barazani kwangu hapa Shumba, Pemba, zamani lilikuwa la kuwekea bakuli la mchuzi ili paka asilifikie. Limesukwa kwa kamba za usumba, na mkono uliolisuka umeshatangulia mbele ya haki. Siku hizi limebeba mmea. Vijiti vyake ni vyembamba kama kamba ya nyavu, kijani kibichi, havina jani hata moja wala mwiba hata mmoja, navyo vimeteremka kutoka kwenye susu mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Siku ya kwanza alipouona, jirani yangu, mtu mzima aliyenilea pamoja na wanawe, alisita mlangoni.

"Mwanangu, mnyaa wautundika juu ya vichwa vya watoto?"

"Si mnyaa, bibi. Hili ni dungusi."

Akakaribia, akakaza macho, akapitisha kidole kwenye kijiti kimoja toka juu hadi chini. "Dungusi gani lisilo na miiba?"

Swali lile limenikaa miaka yote tangu hapo, kwa sababu ndani yake mna sababu ya mmea huu kufia mikononi mwa watu wengi wanaoununua mijini, na mna njia ya kuutunza vilevile.

Nianze na hofu yake, maana ilikuwa ya haki. Mnyaa tunaupanda uwe ua, na kila mtoto wa pwani ameonywa juu ya maziwa yake. Tone likiingia jichoni huunguza, na mtu anaweza kukosa kuona kwa siku kadhaa. Kwa kuutazama tu, mnyaa na mmea wangu ungedhani ni ndugu wa tumbo moja: vijiti vya kijani visivyo na majani, vikigawanyika na kugawanyika tena. Kwa nasabu hawajuani kabisa. Ukitaka kuwa na yakini, kata ncha ndogo ukiwa umeiweka mbali na uso. Mnyaa utatoa maziwa meupe papo hapo. Mmea huu wangu, ambao wataalamu wanauita Rhipsalis baccifera nami hapa nitauita ripsali, hutoa ute mwepesi usio na rangi, mfano wa ute wa bamia.

Alama ya pili inataka jicho la subira. Kando ya kila kijiti cha ripsali kuna vidoa vidogo, kila kimoja kimekaa peke yake, vingine vina unyoya mdogo mweupe ambao huuoni mpaka uupeleke mwangani. Kwenye mpungate, dungusi tulilolizoea, vidoa kama hivyo ndimo inamotoka miiba. Kwenye ripsali hutoka maua, matunda na matawi mapya. Kidoa hicho ndicho kitambulisho cha ukoo wa madungusi. Kila dungusi duniani linacho, na mnyaa hauna. Kwa hiyo jibu la swali la jirani yangu ni kwamba miiba si sharti la udungusi. Sharti ni pale inapootea.

Wenye elimu nao waliteleza kwenye mmea huu. Mwaka 1771 John Miller, mchongaji wa picha za mimea aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi London, aliutangaza kwa jina la Cassytha baccifera. Cassytha ndio ukoo wa mlangamia, ule uzi unaotambaa juu ya vichaka vya pwani na kuvinyonya. Mtu anayeujua mlangamia hawezi kumlaumu, kwani vyote viwili ni nyuzi tupu zenye vitunda vidogo vya mviringo. Miaka 17 baadaye, mwaka 1788, Mjerumani mwingine, Joseph Gaertner, aliupa ukoo wake wenyewe, Rhipsalis, akachukua jina kutoka neno la Kigiriki la kazi ya kusuka matete na vijiti. Angekuwa Shumba angesema ukili. Jina tunalolitumia leo, lenye kuunganisha kazi za wawili hao, liliwekwa na Mwingereza William Stearn mwaka 1939. Nalipenda lile la Gaertner kwa sababu lilitoka kwenye kazi ya mikono, na mmea wenyewe umeishia kwenye susu lililosukwa.

Madungusi duniani ni spishi zaidi ya 1,500. Asili yao wote ni Amerika zote mbili, kuanzia Kanada hadi kusini mwa Argentina. Mpungate uliojaa kwenye nyua zetu ni mgeni aliyeletwa na watu. Ukoo wa ripsali una spishi 40 hivi, na nyingi zinaishi misitu ya mvua ya kusini mashariki mwa Brazili. Ni moja tu kati ya zote, hii niliyonayo, inayoota porini nje ya Amerika bila kupandwa na mtu: Afrika ya magharibi, ya mashariki na ya kusini, Madagaska, Komoro, hadi Sri Lanka. Kule Tanzania Bara inaota kwenye misitu ya milima kama Usambara na Uluguru, ikining'inia juu ya magogo yenye kuvu na kangaga. Mwaka 1895 Karl Schumann, bingwa wa madungusi wa Berlin, aliieleza aina ya Afrika Mashariki yenye matunda mekundu, wakati ile iliyozoeleka kwingineko ina matunda meupe yanayopenya mwanga kama lulu. Mtu wa Lushoto anaweza kuwa ameishi na dungusi la asili maisha yake yote asijue kuwa ni dungusi.

Ilivukaje bahari? Wapo waliosema ilikuwapo tangu Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa bara moja. Hesabu haikubali. Mabara hayo yaliachana kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita, na ukoo wa madungusi unakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 30 hadi 35. Wapo wanaosema mabaharia waliibeba kwenye merikebu. Hilo linawezekana kwa baadhi ya mahali, lakini zile za Afrika na Madagaska zimeachana vya kutosha na za Amerika hata wataalamu wakazigawa katika spishi ndogo, na nyingi zina kromosomu maradufu. Mimi naungana na wanaomtaja ndege. Tunda la ripsali lina utelezi unaonata, na mbegu zake ni ndogo mno. Ndege akila hufuta mdomo kwenye tawi, mbegu ikabaki pale imegandamana. Ndivyo kirukia kinavyoenea kwenye miembe yetu, na ndiyo sababu Waingereza waliifananisha ripsali na kirukia cha kwao chenye matunda meupe. Tofauti ni moja na ni kubwa: kirukia kinatia mizizi ndani ya mti na kuunyonya, ripsali inapanga tu. Inakaa juu ya gome, inakunywa mvua, inakula majani yaliyooza kwenye panda za matawi, na mti haupotezi kitu.

Nimekaa kwenye nasabu kwa kirefu kwa sababu ripsali yangu ya kwanza niliiua kwa kutoijua nasabu yake.

Nililetewa zawadi kutoka Dar es Salaam, kwenye chungu cha plastiki chenye karatasi ndogo iliyoandikwa kuwa hili ni dungusi, liwekwe juani, limwagiliwe mara moja kwa mwezi. Nikatii. Nikaliweka juu ya ukuta wa uani, mwezi wa Januari, kaskazi likiwa limeshika. Wiki ya pili vijiti vikageuka rangi ya zambarau iliyofifia. Wiki ya nne vilikuwa vimekunjamana kama kamba kuukuu. Hapo nikaingiwa na huruma nikamwaga maji kila siku, kwenye udongo mzito uliokwisha kushikamana kama tofali, na mizizi iliyokufa kwa kiu ikaoza kwa maji. Nilichokuwa nakitunza ni neno dungusi. Mmea wenyewe sikuwa nimeutazama.

Mpungate una kiganja kinene kilichojaa maji na ngozi yenye nta, nao unaweza kukaa miezi bila tone. Kijiti cha ripsali kina unene wa milimita tatu hadi tano. Akiba yake ni ya siku chache, wiki chache ikiwa kivulini. Kwao ni juu ya mti ndani ya msitu, chini ya dari ya majani. Mvua hunyesha mara kwa mara, maji hupita kwenye mizizi kwa dakika chache na kuteremka, kisha upepo huikausha mizizi, kisha ukungu hurudi. Mizizi inapata maji mengi na hewa nyingi kwa wakati mmoja. Jua linaifikia likiwa limekatwakatwa na majani. Ukishaiona picha hiyo, utunzaji wote unabaki kuwa swali moja: hapa Shumba nitaipatia wapi panda ya tawi la msitu?

Pemba tunao msitu wa kutufundisha. Ngezi iko hapo magharibi yetu, upande wa Konde, na ni mabaki makubwa kuliko yote ya msitu mnene uliowahi kuifunika sehemu hii ya kisiwa. Nenda asubuhi baada ya mvua, usitazame chini, tazama juu kwenye panda za miti. Utaona kangaga na mimea mingine iliyopanga kule bila udongo, ikiwa imejikusanyia kapu la majani makavu. Tia mkono kwenye kapu kama hilo kwenye mwembe wako nyumbani: ni jepesi, lina unyevu, na kidole kinapita bila kuzuiwa. Udongo wa ripsali uwe hivyo.

Hapa ndipo Shumba inapokuwa na neema na mtihani kwa pamoja. Upande wetu ni wa maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe. Udongo ni kidogo na una chokaa. Mchanga wa pwani, ambao mtu angeukimbilia kwa kudhani kila dungusi hupenda mchanga, ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa tupu, na juu yake chumvi. Usiutumie. Ripsali inataka mahali penye uchachu kidogo. Ikipewa chokaa, chuma kilichomo kwenye udongo hujifunga mizizi isiweze kukichukua, na vijiti vipya hutoka vya manjano hata ukitia mbolea ya kila namna.

Neema ni makumbi. Mnazi unatupa kile ambacho wapandaji wa Ulaya wanakinunua kwa fedha nyingi kikiwa kimesafirishwa kutoka Asia kwenye matofali yaliyokaushwa. Kumbi lililokatwa vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole linashika maji ndani na kuacha hewa pembeni, sawasawa na gome la mti wa msituni. Lakini kumbi la kwetu lina chumvi. Yale yaliyofukiwa pwani na akina mama ili yalainike kwa kazi ya kamba yamekunywa maji ya bahari kwa miezi. Hata yale yaliyokauka chini ya mnazi ulio karibu na bahari yana sodiamu na potasiamu ya kutosha kuunguza mizizi michanga.

Namna ninavyoyaosha nimeifikia baada ya kuharibu vipandikizi vingi, kwa hiyo naieleza kwa ukamilifu. Maji ya kwanza yawe ya kisima, mradi kisima chako hakina chumvi. Hili litakushangaza kwa kuwa nimetoka kukuonya juu ya chokaa. Nyuzi za kumbi zinaishika sodiamu kama kitambaa kinavyoshika rangi, na maji matupu hayaing'oi yote. Kalisiamu iliyomo kwenye maji ya kisima ndiyo inayoisukuma sodiamu itoke na kukaa mahali pake. Loweka siku mbili, mwaga, loweka tena siku mbili, mwaga. Maji yatakayotoka ni ya kahawia kama chai ya rangi. Baada ya hapo suuza kwa maji ya mvua mara mbili au tatu mpaka yatoke meupe. Kisha onja kwa ulimi kipande kimoja. Ukihisi chumvi, rudia.

Vipande hivyo viwe sehemu mbili, majani ya mwembe au mfenesi yaliyooza mpaka yakawa meusi sehemu moja, na vipande vya mkaa vya ukubwa wa harage sehemu moja. Mkaa uchekechwe kwanza, vumbi lake liondoke, maana vumbi huziba hewa. Sitii udongo hata kidogo. Nimeambiwa na watu wawili watatu kwamba wao wanatia udongo mwekundu wa mashambani na mmea unaota, nami nawaamini, ila nadhani wanamwagilia kwa mkono mwepesi kuliko wangu.

Chombo nacho kina maana. Chungu cha plastiki kinahifadhi maji chini, mahali ambapo ripsali haiyataki. Susu linakidhi haja bila kuongeza kitu, isipokuwa linahitaji kitanda ndani ili vipande visidondoke. Mimi nimetandika kilifu, ule wavu wa kahawia unaoshika mashina ya makuti kule juu ya mnazi. Kinapitisha maji, kinapitisha hewa, na hudumu miaka miwili hivi kabla ya kuchakaa. Asiye na susu atumie pakacha lililosukwa kwa kukaza, au kifuu kilichotobolewa matundu matatu kwa mche mdogo. Usikimbilie chombo kikubwa. Mizizi ya ripsali ni mifupi na myembamba, imezoea kubanwa kwenye panda, na nafasi ya ziada ni maji yaliyotuama tu.

Sasa maji ya kumwagilia. Tazama ndani ya birika lako la chai. Ukiona ukoga mweupe uliogandamana, hiyo ndiyo chokaa ya kisima chetu, na ripsali yako inainywa kila unapomwagilia. Kuosha makumbi mara moja ni jambo jingine. Kunyweshwa chokaa mwaka mzima ni sumu ya polepole. Mvua ndiyo tiba, nayo Pemba si haba: wastani wa kisiwa ni takriban milimita 1,900 kwa mwaka, ingawa sisi wa upande wa maweni tunapata pungufu ya wale wa magharibi. Mmea mmoja wa susu unakunywa kiasi cha nusu lita kila unapomwagiliwa. Pipa moja lililokingwa chini ya bati wakati wa masika linautosha kuvuka kaskazi. Acha mvua ya kwanza ipite bila kuikinga, kwa sababu inashuka na vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyorushwa na upepo wa bahari. Funika pipa, mbu wasizaliane.

Mara ngapi? Vitabu vya utunzaji wa mimea ya ndani vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye majira manne. Vinasema punguza maji baridi ikiingia, ongeza siku zikirefuka. Shumba iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima ni kama nusu saa, mmea hautaihisi. Kinachobadilika kwetu ni upepo na unyevu, kwa hiyo saa ya kumwagilia inawekwa na upepo. Kaskazi likivuma, Disemba mpaka Machi, hewa ni ya joto na ukavu, nami namwagilia kila baada ya siku mbili. Masika ikiingia, naliacha susu lipate mvua moja kwa moja na sishiki kopo wiki nzima au zaidi. Wakati wa kusi, joto limepungua na usiku ni wa baridi kidogo, kila siku ya nne au ya tano inatosha, na hapo ndipo mmea unapojiandaa kutoa maua. Vuli nayo ni ya kubahatisha. Mwaka mmoja hunyesha kila siku, mwaka mwingine hupita kama haikuja. Kidole ndicho kipimo. Kitie ndani ya makumbi mpaka kwenye pingili ya pili: pakiwa na unyevu ngoja, pakiwa pakavu kwa siku moja mwagilia mpaka maji yamwagike chini.

Kwenye mwanga napo vitabu vya kaskazini vinatupotosha. Vinasema dirisha la kaskazini ni la kivuli mwaka mzima na la kusini ni la jua. Hapa jua linavuka juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini, na dirisha la kaskazini ndilo linalopigwa. Kuanzia Oktoba hadi Machi linahamia kusini. Mwenye ripsali dirishani ahame nalo mara mbili kwa mwaka, au achague dirisha la mashariki, lenye jua jepesi la asubuhi, ambalo halibadiliki tabia. La magharibi ni kali mno. Barazani, chini ya upenu, mita moja ndani kutoka ukingo wa bati, ndipo mahali bora nilipopata. Vijiti vyenyewe vitakuambia. Vikiwa vya zambarau au manjano upande unaotazama nje, jua limezidi. Vikitoka virefu, vyembamba kama uzi na vyeupe, kiza kimezidi.

Adui mwingine ni upepo wa bahari. Nyumba iliyo pwani ya Shumba inapata chumvi hewani kila siku ya kusi kali, nayo hukaa kwenye vijiti kama vumbi usiloliona. Mara moja kwa wiki natia maji ya mvua kwenye chupa ya kupulizia na kuuosha mmea wote, jioni, kabla ya Magharibi. Jioni ina sababu. Madungusi hufungua vinyweleo vyao usiku na kuvifunga mchana ili kuzuia maji yasipotee, na mmea ulioondolewa chumvi na vumbi jioni unavuta hewa vizuri usiku kucha. Kama mmea wako uko chumbani pasipopita upepo, fanya asubuhi, kwa sababu unyevu uliofungiwa usiku huleta ukungu.

Chakula ni kidogo. Gao moja la samadi ya mbuzi iliyokauka, loweka kwenye ndoo ya maji siku tatu, chuja, kisha changanya kikombe kimoja cha maji hayo na vikombe kumi vya mvua. Mara moja kwa mwezi, masika na vuli tu.

Wadudu wanaousumbua kwangu ni vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaojibanza pale kijiti kinapogawanyika. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye kamba ya susu, wafuate, watakupeleka kwao. Sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Futa kila mmoja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche, suuza kesho yake, na paka mafuta mazito kwenye kamba ya kutundikia ili sisimizi wasirudi. Dawa za shambani sizitumii barazani wanapolala watoto.

Kuizidisha ni rahisi mno. Kata vipande vya urefu wa kidole cha kati au mara moja na nusu yake, vianike kivulini siku moja au mbili mpaka pale palipokatwa pakauke, kisha vichomeke au vilaze juu ya makumbi yenye unyevu. Baada ya wiki tatu hadi sita utavuta kidogo na kuhisi vimeshika. Mmea ukioza chini, usiutupe; kata juu ya sehemu nyeusi mpaka uone kijani safi pande zote, anza upya. Susu langu la leo limetokana na vipande sita nilivyopewa na mtu aliyeijua kazi yake.

Nasisitiza kuhusu kupewa. Usiende Usambara wala msitu wowote ule kung'oa. Madungusi karibu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Lakini hata pasipo sheria, mmea uliozoea baridi ya mlima na ukungu wa kila asubuhi ukishushwa Shumba hufa kabla ya kaskazi kwisha, wakati kipande kilichokwisha kuzoea baraza la pwani huota mbele ya macho yako. Mwenye nao hapungukiwi kitu akikukatia.

Mwaka jana, kusi ikielekea mwisho, vilitokea vidoa vyeupe pembeni mwa vijiti, nikadhani ni vidung'ata, nikaleta kitambaa. Yalikuwa maua, madogo kama punje ya mchele, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hayana harufu niliyoweza kuihisi. Hayahitaji mwenzi, ua linajichavusha lenyewe, na kila moja lililodumu lilizaa tunda, lulu juu ya lulu mpaka kijiti kikapinda. Niliyaacha yakaiva yakadondoka yenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja natoa majani makavu kwenye susu nikakuta, katikati ya makumbi, kijimmea nisichokijua. Kimesimama wima, kifupi kama msumari wa inchi moja, kina pembe pembe, na kimezungukwa na vimiiba vyembamba vyeupe kama ndevu za paka. Nilikuwa nimeshakishika kuking'oa kama magugu. Kisha nikakumbuka kuwa ripsali ikitoka kwenye mbegu huanza na miiba yake, ikaivaa muda mfupi, na kijiti cha pili au cha tatu kikitoka huwa kimeshaiacha. Madagaska ipo aina inayobaki nayo mpaka ukubwani.

Nikamwita jirani yangu. Akaja na mwiko mkononi, akainama, nikamwonyesha kwa ncha ya kijiti cha ufagio. Akavigusa vile vimiiba kwa upande wa kidole, kimoja kimoja.

"Kumbe," akasema. "Hili sasa dungusi."